Wakitoka pamoja, wapige pamoja

Kila mwaka majira ya joto yakikaribia Marekani, matangazo ya bendi kongwe za roki huanza kutoka, na siku hizi ni nadra bango kuwa na jina moja. Utaona majina mawili, matatu, hata manne. Mimi ni mpenzi wa muziki huo wa miaka ya 1970 na 1980, na ziara hizi nazifuatilia kwa karibu. Lakini nina dai moja na silegezi: bendi mbili zikiuza tiketi moja, lazima usiku huo kuwe na wakati ambao wapigaji wa pande zote mbili wanasimama jukwaani pamoja na kupiga. Bila hivyo, shabiki ameuziwa maonyesho mawili yaliyopakiwa kwenye lori moja.

Sababu ya kuungana inaeleweka na haina aibu yoyote. Rekodi hazilipi kama zilivyolipa enzi za santuri na kaseti, kwa hiyo mwanamuziki wa miaka sabini anakula kwa jasho la jukwaani. Bendi ambayo peke yake ingejaza ukumbi wa kawaida, ikipata mwenzake inaweza kuingia uwanja wa besiboli. Mitambo ya sauti, taa na mafundi wanagharamiwa pamoja. Chukua Mötley Crüe. Mwaka 2014 walitia saini hadharani mkataba wa kutozunguka tena baada ya ziara yao ya mwisho, wakaagana na mashabiki Los Angeles usiku wa Desemba 31, 2015. Miaka minne baadaye wakatangaza kurudi, korona ikawachelewesha hadi 2022, na waliporudi walikuja na Def Leppard, Poison na Joan Jett. Tiketi zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Wapo waliowasema sana kwa kuvunja ahadi. Mimi siwasemi kwa hilo; mtu akipenda kazi yake na watu wanataka kumsikia, arudi.

Shida yangu ni ratiba ya usiku wenyewe. Journey na Def Leppard walizunguka pamoja 2006, wakarudia 2018, kisha 2024 wakaingia kwenye viwanja vikubwa. Mwaka 2018 walikuwa wakipokezana kufunga onyesho: mji huu Journey wa mwisho, mji ule Def Leppard. Ni utaratibu wa heshima, maana kwa wanamuziki nafasi ya mwisho ina uzito wake. Lakini ni heshima ya kugawana muda tu. Kila bendi inapanda, inapiga vibao vyake, inashuka, halafu mafundi wanabadilisha vyombo huku watu wakienda kununua bia. Neal Schon wa Journey aliingia bendi ya Santana akiwa kijana wa miaka 17, akalelewa kimuziki katikati ya watu wanaosikilizana na kujibizana kwa vyombo. Phil Collen wa Def Leppard naye ni mpigaji gitaa wa kuheshimika. Wawili hao wanalala mji mmoja usiku baada ya usiku, na mimi shabiki nisiwasikie wakijibizana hata kwenye wimbo mmoja?

Tena si jambo lisilowezekana, kwa sababu bendi ya roki iitwayo Chicago na bendi ya soul na fanki ya Wamarekani weusi, Earth, Wind & Fire wamelifanya tangu 2004. DVD ya onyesho lao la Greek Theatre, Los Angeles, ilitoka 2005, na hadi leo naiona kuwa kipimo cha ziara ya namna hii. Bendi zote mbili zinaanza pamoja, matarumbeta, tromboni na saksafoni za pande zote zikiwa zimejipanga. Kisha kila bendi inapata zamu yake. Halafu mwishoni wote wanarudi, jukwaa linajaa, na hapo wanaimba nyimbo za kila upande: wale wa Earth, Wind & Fire wanapiga "25 or 6 to 4" ya Chicago kana kwamba ni yao, na "September" inapewa nguvu ya matarumbeta ambayo rekodi ya 1978 haikuwa nayo. Sikiliza jinsi gitaa la besi la Verdine White, wa bendi hiyo ya fanki, linavyoibeba roki. Anayesema muziki huo una mipaka ya rangi na aina aanzie hapo.

Muungano huo una mizizi. Chicago ilianza 1967 katika jiji la jina lake. Maurice White, mwanzilishi wa Earth, Wind & Fire, alizaliwa Memphis lakini alikomaa kazini katika jiji hilohilo, akipiga ngoma kwenye studio za Chess na baadaye katika kundi la mpiga piano wa jazi Ramsey Lewis, kabla hajahamia Los Angeles. Mmoja wa watunzi watatu wa "After the Love Has Gone", kibao kikubwa cha Earth, Wind & Fire cha 1979, ni Bill Champlin, ambaye 1981 alijiunga na Chicago. Mtunzi mwenzake, David Foster, ndiye aliyekuja kuiongoza Chicago studio katika miaka ya 1980. Kwa hiyo walipokutana jukwaani, walikuwa ndugu wa kimuziki waliochelewa kukaa meza moja.

Na kwetu Tanzania kuna uzi unaotufikia. Maurice White ndiye aliyeifanya kalimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, isikike mbele ya umati wa Marekani, nayo ni ndugu wa karibu wa ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba, alizunguka Marekani mwaka 2002 na Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa Genesis, akimfungulia maonyesho. Mwaka uliofuata Zawose akafariki. Ninapenda kufikiri kwamba kuna Wamarekani waliokwenda kumsikia Gabriel wakarudi nyumbani na sauti ya Ugogo masikioni.

Najua hoja za upande wa pili. Viwanja vina saa ya kufunga, na ukipitisha unatozwa faini. Wazee hawana muda wa mazoezi ya pamoja. Waimbaji wengine wamezishusha nyimbo chini ili koo lifike, na kupatanisha sauti za bendi mbili ni kazi. Zote ni kweli. Lakini sidai usiku mzima. Nadai nyimbo mbili, na hata zile zile kila mji. Watu waliokaa barabarani miaka hamsini wanaweza kujifunza nyimbo mbili za jirani yao katika mchana mmoja wa kupima sauti.

Na muda wenyewe unakimbia. Gary Rossington, wa mwisho kati ya waanzilishi wa Lynyrd Skynyrd, alifariki Machi 2023, miezi michache kabla ya bendi hiyo kuanza ziara na ZZ Top, ambao nao walikuwa wamempoteza mpigaji besi wao, Dusty Hill, mwaka 2021. Styx na REO Speedwagon, bendi zote mbili za jimbo la Illinois, zilirekodi onyesho la pamoja karibu na St. Louis mwaka 2000, na katika "Roll with the Changes" na "Blue Collar Man" wote walipanda kupiga kwa pamoja. Hizo ndizo nyimbo mbili ninazozirudia kuliko nyingine zote kwenye albamu ile. Mwishoni mwa 2024 REO Speedwagon waliacha kuzunguka kwa jina hilo baada ya kutoelewana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo jozi hiyo haitarudi. Journey na Def Leppard tayari wametoka pamoja mara tatu. Ikitokea ya nne, tiketi nitainunua siku watakayotangaza kwamba kuna wimbo mmoja ambao Schon na Collen watapiga pamoja.