Bahari yetu, mawakili wa kukodi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amemaliza shahada ya sheria na sasa yuko chini ya wakili mlezi hapa Mombasa. Kazi yake kubwa mpaka leo ni kubeba mafaili, kukaa benchi la nyuma na kungoja kesi itajwe, iahirishwe, arudi ofisini. Juzi tukinywa kahawa barazani akasema anachokitaka hasa ni sheria ya kimataifa: mikataba, mipaka ya bahari, nchi kuishtaki nchi. "Mjomba, nataka kusimama The Hague." Baba yake, aliyelipa karo ya miaka minne na ya chuo cha mawakili Nairobi juu yake, akauliza swali moja tu: "Mteja wake ni nani?"

Shemeji yangu hana shahada, lakini swali lake ni zito. Wakili wa jinai mteja wake yuko rumande. Wakili wa ardhi, hapa Pwani, mteja wake yuko kila mtaa. Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, Uholanzi, wanaoweza kushtaki na kushtakiwa ni nchi peke yake, na nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 193. Nyingi hukaa miongo bila kesi.

Sisi tulipata yetu. Agosti 2014 Somalia iliishtaki Kenya juu ya mpaka wa baharini. Kenya ilitaka mstari unyooke kuelekea mashariki kwa kufuata latitudo. Somalia ilitaka ushuke kusini-mashariki, katikati ya pwani mbili. Kati ya mistari hiyo palikuwa na pembetatu ya bahari yenye zaidi ya kilomita mraba 100,000. Somalia iliwakilishwa na watu kama Paul Reichler, Mmarekani, na Philippe Sands wa London. Upande wetu, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alikuwapo, lakini pembeni yake walikuwa wageni pia, akiwemo Vaughan Lowe, profesa wa Oxford. Mwaka 2019 Kenya ikaomba muda iunde jopo jipya la mawakili. Machi 2021 kesi iliposikizwa, Kenya haikufika. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilifuata mstari wa katikati, ukapindishwa kidogo kwa faida yetu. Sehemu kubwa ya pembetatu ikaenda Somalia, na Kenya ikaikataa hukumu.

Wavuvi wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, wana bahari. Wanaoibishania, pande zote mbili, wanakuja kwa ndege.

Serikali ina hoja yake, na haifai kuibeza. Ukiwa na kesi ya maisha yako hutafuti wakili wa kujifunzia. Unamtafuta aliyekwisha kusimama pale mara kumi. Na mahakama ile ina jambo ambalo wengi hawalijui: haina leseni. Hakuna mtihani wala orodha ya mawakili walioruhusiwa. Nchi inamteua inayemtaka. Unaweza kudhani basi mlango uko wazi. Sivyo. Pasipo na leseni, uzoefu ndio unakuwa leseni, na uzoefu wanao walewale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema wenyewe. Ila hapa mgeni amezoea kuja, na mwenyeji hajafundishwa kujitibu.

Halafu iko habari ya pesa. Ukiwatazama vigogo wa fani hii, wengi wana kiti cha pili: Lowe alifundisha Oxford, Sands anafundisha chuo kikuu London, Alain Pellet, Mfaransa, alifundisha Paris. Kesi inawapa jina, na chuo kinawapa mshahara wa mwisho wa mwezi. Kijana anayedhani ataishi kwa The Hague peke yake hajaambiwa ukweli.

Kufikia hapo shemeji alikuwa ameshinda. Lakini alisema neno moja lililonifanya niweke kikombe chini: kwamba mambo hayo "hayatuhusu huku".

Huku ndiko yalikotuhusu. Mwaka 2006 manowari ya Marekani iliwakamata Wasomali kumi baharini wakaletwa hapa, wakashtakiwa kwa uharamia, wakafungwa miaka saba kila mmoja. Baada yao wakaja wengine wengi, hata mwaka 2010 ikafunguliwa mahakama maalumu kwenye gereza la Shimo la Tewa. Na mwaka huohuo mawakili wa hapa wakauliza swali ambalo profesa yeyote angetamani liwe lake: mtu aliyeteka meli Ghuba ya Aden, mbali na maji yetu, hakimu wa Mombasa anapata wapi mamlaka juu yake? Jaji Mohammed Ibrahim wa Mahakama Kuu ya hapahapa akawaunga mkono: Kanuni ya Adhabu haivuki mipaka ya Kenya. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikamtengua, ikasema haramia ni adui wa kila taifa, na taifa lolote linaweza kumhukumu. Hoja ile ya kale kabisa katika sheria ya mataifa ilibishaniwa na mawakili ambao wiki hiyohiyo, sina shaka, walikuwa na kesi za talaka na za viwanja.

Isitoshe, kifungu cha 2 cha Katiba ya 2010 kinasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Baharia aliyetelekezwa melini bila mshahara bandarini kwetu ana mkataba wa kimataifa wa kushika. Ada yake ni ndogo, lakini ni mteja.

Na wako waliofika. Phoebe Okowa alisoma sheria Nairobi kabla ya Oxford, akafundisha London miaka mingi, na Novemba 2025 akachaguliwa jaji wa mahakama ileile ya The Hague. Ni mmoja, na alipitia ng'ambo. Shemeji ana haki ya kulisema hilo.

Kwa hiyo nilimwambia binti nionavyo mimi: asikimbilie shahada ya pili Ulaya kabla hajajua kumhoji shahidi hapa. Hukumu za uharamia zipo, azisome zote mbili, aanze na ile iliyotenguliwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wakili wa mjini hapa alifikiri nini. Akaniuliza kama ana hakika ya kula katika njia hiyo. Nikamwambia hapana.

Akaandika namba ya kesi kwenye simu, akaaga. Asubuhi alikuwa na faili la shamba la Likoni, kutajwa saa tatu.