Nani Aliyasikia? Shutuma za Ji Yun dhidi ya Pu Songling

Msomi Ye anaandika vizuri kuliko vijana wote wa wilaya yake, lakini kila akifanya mtihani wa serikali anaanguka. Hakimu wa wilaya, Ding, anamhurumia na kumsaidia kwa fedha. Ye anaanguka tena, anarudi nyumbani amebaki mifupa mitupu, anaugua. Ding naye anaondolewa kazini, na kabla ya kurudi kwao anamtumia barua kwamba anamngoja wafuatane. Siku chache baadaye Ye huyo mlangoni. Wanaondoka pamoja, anamfundisha mwana wa Ding mpaka kijana anafaulu, na hatimaye anafaulu yeye mwenyewe. Anarudi kwao kwa heshima. Mkewe anatoka nje na ungo, anamwona, anautupa na kukimbia. Umekufa zamani, anamwambia kwa mbali. Jeneza lako bado limo ndani kwa sababu sisi ni maskini na mtoto ni mdogo. Ye anaingia, analiona jeneza, anaanguka chini na kutoweka. Sakafuni zinabaki nguo, kofia na viatu.

Kisa hiki kimo katika Liaozhai Zhiyi, mkusanyiko wa visa karibu 500 ulioandikwa na Pu Songling (1640–1715) wa Zichuan, mkoa wa Shandong, China. Wamejaa humo wafu wanaorudi na mbweha wanaojigeuza watu. (Kwa Kiswahili kuna kishawishi cha kuwaita majini, nami naona ni kosa. Jini kaumbwa jini. Mbweha wa Kichina ni mnyama aliyejizoeza miaka mingi hata akapata umbo la mtu, na mara nyingi ana utu kuliko binadamu anaowatembelea.) Kila nikikisoma kisa cha Ye nasahau kuuliza swali moja dogo. Ji Yun hakulisahau: nani aliyaona haya, na nani aliyasikia?

Ji Yun (1724–1805) hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa mhariri mkuu wa Siku Quanshu, mkusanyo mkubwa wa vitabu ulioamriwa na Mfalme Qianlong, na Liaozhai haikupata nafasi humo. Maneno yake yaliandikwa na mwanafunzi wake, Sheng Shiyan, mwaka 1793. Liaozhai, alisema, ni kazi ya kalamu ya mtu mwenye kipaji, si kalamu ya mwandishi wa vitabu. Kwanza, inachanganya aina mbili ndani ya jalada moja: taarifa fupi za mambo ya ajabu, na masimulizi marefu yaliyopambwa. Pili, inatuletea minong'ono ya wapenzi faraghani neno kwa neno. Kama mwandishi anasimulia yake mwenyewe, haiingii akilini. Kama ni ya wengine, aliyapataje? Ji Yun naye aliandika visa vya ajabu, kama 1,200, na kwa kawaida hukwambia ni nani aliyemsimulia.

Watetezi wengi wa Pu hulipita jambo hili haraka, wakisema Ji Yun hakuelewa sanaa. Mimi naona hoja yake ina uzito, na ushahidi umo ndani ya Liaozhai yenyewe. Kipo kipande kifupi kuhusu tetemeko la ardhi. Ni jioni ya tarehe 25 Julai 1668. Pu ni mgeni huko Linzi, anakunywa pombe na binamu yake kwenye mwanga wa taa. Sauti kama radi inatoka kusini mashariki ikielekea kaskazini magharibi, meza inatikisika, vikombe vinapinduka, watu wanakimbilia nje, wengine uchi. Tetemeko hilo lilitokea kweli na liliiharibu vibaya Shandong. Ushuhuda wa mtu aliyekuwapo umewekwa jirani na mwanamke anayevua ngozi yake na kuichora rangi, na msomaji haoneshwi mpaka uko wapi. Tena Pu mwenyewe alijipa cheo cha Mwanahistoria wa Mambo ya Ajabu, akifunga visa vyake kwa hukumu kama alivyofanya Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China, katika historia yake kuu, na katika dibaji yake ya mwaka 1679 alisema kwamba marafiki wa kila upande walimtumia habari kwa barua. Aliyejivika joho la mwanahistoria hawezi kulalamika akiulizwa maswali ya mwanahistoria.

Watu wa kawaida nao walimpenda kama mkusanyaji. Ile simulizi kwamba aliweka chai na tumbaku kando ya njia ili wapita njia wamsimulie visa bado inarudiwa kila mahali. Lu Xun, mwandishi mashuhuri wa China wa karne ya 20, aliikataa, akaiita porojo za vichochoroni, na nakubaliana naye. Pu alikuwa mwalimu wa nyumbani kwa ukoo wa Bi kwa takriban miaka 30. Siku zake zilikuwa za waajiri wake.

Sasa tazama anachofanya habari ikishamfikia. Katika kumbukumbu za enzi ya Ming alizoandika Lü Bi kuna habari ya Mfalme Xuande na mapenzi yake ya kupiganisha nyenje. Afisa mmoja alibadilisha farasi wake mzuri kwa nyenje. Mkewe akafunua chombo kuchungulia, mdudu akaruka. Mke akajinyonga, mume akamfuata. Habari inaishia hapo. Kwa Pu, afisa anakuwa Cheng Ming, msomi aliyeshindwa mitihani na kubebeshwa uongozi wa kijiji asioutaka, anayechapwa fimbo kwa kukosa nyenje wa kupeleka kwa mfalme. Anayefunua chombo ni mwanawe wa miaka tisa, naye anajitupa kisimani. Mtoto anafufuka, lakini amezubaa kama hana roho. Na mlangoni anatokea nyenje mdogo anayewashinda wote, hata jogoo. Mwaka mmoja baadaye mtoto anazinduka na kusema yule mdudu alikuwa yeye.

Wang Shizhen, mshairi mkubwa wa zama hizo aliyempenda Pu, alikisoma kisa hiki akakwama palepale alipokwama Ji Yun: enzi ya Xuande ilikuwa njema, mfalme mwema na mawaziri wenye hekima, yaliwezekanaje haya, au habari imepotoshwa? Hata rafiki alitafuta rekodi. Lakini habari ya Lü Bi inatuonesha tu kwamba watu walikufa kwa ajili ya mchezo wa mfalme. Mtoto aliyelazimika kuwa mdudu ili baba yake asichapwe anatuonesha ushuru huo wa nyenje ulikula nini ndani ya nyumba. Sehemu hiyo hakuna shahidi ambaye angeweza kuileta, hata kwa chai ya bure.

Tena historia zenyewe hufanya hivyo. Katika Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia alichokijua kila mtahiniwa, Chu Ni anatumwa alfajiri kumuua waziri Zhao Dun, anamkuta ameshavaa kwa kazi na kusinzia ameketi, anatamka maneno ya majuto, kisha anajigonga kichwa kwenye mti na kufa. Nani aliyasikia maneno yale?

Ndiyo maana narudi kwa Ye. Pu alishika nafasi ya kwanza katika mitihani ya awali mwaka 1658, kisha akaanguka mtihani wa mkoa maisha yake yote, hadi alipopewa cheo cha heshima cha wazee mwaka 1711. Kitabu chake kilipigwa chapa 1766, miaka 51 baada ya kifo chake. Mtu anayeendelea kufundisha watoto wa wengine bila kujua kwamba ameshakufa: ushuhuda huo alikuwa nao yeye mwenyewe, na njia ya kuutoa ilikuwa kubuni. Kwa hili nasimama naye, ingawa kuhusu tetemeko Ji Yun anamdai jibu.

Ni rahisi kusema Ji Yun, aliyefaulu mtihani wa juu kabisa mwaka 1754, aliandika kama mtu aliyeshiba. Si haki. Mwanawe mkubwa, Ji Ruji, alikutana na nakala ya mkono ya Liaozhai huko Tai'an, akaanza kuandika kwa mtindo huo, na kwa macho ya baba yake akapotelea humo hadi kufa. Baba aliamini kitabu kile kilimharibia mtoto. Hata hivyo, mwishoni mwa mkusanyiko wake wa mwisho wa visa, mwaka 1798, aliongeza vipande sita vya marehemu, akaeleza kwamba hakutaka ipotee taabu ya kijana aliyekesha na taa akipuliza vidole vilivyoganda kwa baridi.