Simu Inajua, Mimi Sijui

Simu yangu inaijua pasiwedi ya waifai ya nyumbani kwangu. Simu ya mke wangu inaijua. Runinga inaijua, na runinga yenyewe ni ya mkopo. Katika nyumba nzima asiyeijua ni mmoja tu, naye ndiye anayeilipia kila mwisho wa mwezi. Wasomi wanaiita nywila, wengine nenosiri. Iiteni mtakavyo, mimi siikumbuki.

Haya niliyagundua Jumanne, shemeji alipoingia.

Hapa lazima niwaeleze kwanza habari ya wageni wa Dodoma. Zamani mji huu ulikuwa unajilinda wenyewe. Mtu wa Dar akiwaza kuja kukutembelea, anafikiria kilomita mia nne na hamsini za basi, kutwa nzima magoti yako kidevuni, akifika anapokelewa na upepo wenye mchanga mpaka kwenye meno. Akishafikiria hivyo anatuma salamu tu, na salamu hazili. Sasa tangu 2024 kuna treni ya umeme. Chini ya saa nne mtu katoka Dar kafika, shati bado lina mistari ya pasi. Serikali iliamua kuhamia Dodoma 1973, ikaja kufunga virago kwelikweli 2016, yaani miaka arobaini na tatu inajiandaa. Shemeji yangu aliamua Jumatatu usiku, Jumanne saa saba mchana yuko getini kwangu Nkuhungu na begi la magurudumu.

Amekuja kufuatilia faili lake Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Leo ni siku ya tisa. Mtumba hajakanyaga.

Basi, kaingia, kamkumbatia dada yake, kakaa kwenye kiti changu. Enzi za baba yangu mgeni akikaa alikuwa anaulizwa habari za alikotoka, analetewa maji, anauliza mvua zimeendaje. Huyu kainua simu juu kama anatafuta mwezi mwandamo, kisha akaniuliza:

"Shem, pasiwedi?"

Nikamwambia subiri kidogo, kwa sauti ya mtu anayejua. Nikafungua simu, nikaingia kwenye mipangilio, nikaingia kwenye waifai. Jina la mtandao wangu hili hapa, limeunganishwa, mawimbi yamejaa. Nikaligusa. Nikaona habari za usalama, nikaona manamba marefu yenye nukta katikati ambayo sijui hata ya nani. Pasiwedi hakuna. Kidole kikateremka chini kutaka kubonyeza kitu kimoja hivi, nashukuru nilikisoma kwanza: ni kitufe cha kuusahau mtandao. Jamani, kama ni kusahau mimi nimeshasahau, sihitaji kitufe. Ningebonyeza, na simu nayo ingesahau, tukawa wawili.

Siku unayoiandika hiyo pasiwedi, wanakufichia kwa vidoti. Unaandika herufi, inageuka kidoti. Wananificha na nani? Nilikuwa peke yangu sebuleni na mbuzi wa jirani dirishani. Halafu ukishaiandika, simu inaitunza kama bibi anavyofunga hela kwenye pindo la kanga: anazo, unajua anazo, lakini wewe uliyempa ukiomba hata mia tano anakuuliza ya nini.

Nikapata wazo. Chini ya rauta kuna stika. Rauta yetu iko juu ya kabati, kwa sababu fundi aliyeiweka alisema mawimbi yanapenda juu. Na vumbi la Dodoma nalo linapenda juu. Nikapanda stuli, nikapiga chafya nne, nikaigeuza, nikamulika tochi. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kuna alama pale, mpaka kesho sijui kama ni nane au ni B, na ile nyingine ni sifuri au ni O ya Oman. Shemeji akajaribu zote. Zikakataa zote. Ndipo nikakumbuka nimesimama juu ya stuli kwamba ile ya kwenye stika ni ya kiwandani, na mwaka jana nilimwita fundi aibadilishe, kwa amri yangu mwenyewe. Akanipa simu yake nichague mpya. Akaniambia, "Mzee, herufi zisipungue nane, na weka kitu ambacho hutakisahau." Nikaweka. Nikaenda simu moja baada ya nyingine nikaiandika kwa mkono wangu, hata ya mama watoto, nikimwambia geuka kule. Kwa nini nilimwambia ageuke, tutafika.

Mpangaji wa chumba cha uani, kijana mwenye mtandao wake na iPhone yake, akasikia kelele akaja. Akasema nifungue kivinjari niandike 192.168.1.1, nitaingia ndani ya rauta yenyewe na pasiwedi nitaikuta. Nikaandika. Rauta ikaniomba pasiwedi. Ninyi watu mliosoma, mnataka niingie na pasiwedi gani kwenda kutafuta pasiwedi? Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba halafu unaambiwa usiwe na wasiwasi, ufunguo wa akiba uko kabatini.

Kisha akanionyesha kwake wanavyoishi. Anagusa kale kaherufi "i" pembeni ya jina la mtandao, anagusa penye pasiwedi, simu inamtazama usoni, herufi hizo hapo zimejipanga. Nikasikia wivu. Ila akaniambia jambo likanipoza: kwao imekuja na iOS 16, mwaka 2022. Ina maana kabla ya hapo mtu aliyenunua simu kwa bei ya kiwanja cha Nzuguni alikuwa anatazama vidoti kama mimi tu. Mungu si Athumani.

Wakati huo shemeji, kwa kunisaidia, alikuwa ameshika simu yangu na kupakua programu inayodai kufichua pasiwedi zote. Kwa bando langu. Programu ikafunguka, ikatuonyesha tangazo la kubashiri mechi, ikatuonyesha tangazo la dawa ya kitambi, ikaomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wote kwenye simu, mwisho ikasema haifanyi kazi mpaka simu iwe imerutiwa. Yaani ivunjwe kufuli la ndani. Nikaifuta. Mtu anataka kujua namba zote za ukoo wangu ndipo aniambie kitu changu mwenyewe, na hata hicho hana.

Nikaona hapana, nikampigia binti yangu. Yuko UDOM, na hawa watoto tunawasomesha kwa ajili ya siku kama hizi.

"Baba, ni rahisi. Ingia kwenye setingi."

"Simu nimeiweka sikioni, nitaingiaje?"

"Weka spika, baba."

Nikaweka spika. Hilo ndilo kosa langu la siku, kumbukeni nimelikiri.

Binti akanielekeza. Kumbe tangu Android 10 ya 2019 kitu hiki kimo ndani ya simu, wala hakihitaji programu ya mtu. Unaingia kwenye waifai, unagusa jina la mtandao uliounganishwa, kuna palipoandikwa kushiriki, penye alama ya kile kisanduku cha QR. Miaka yote hii nilikuwa napaona, nikidhani ni mambo ya kushiriki picha. Unapagusa, simu inataka uhakika kwamba ni wewe. Inaomba kidole.

Nikaweka kidole. Ikakataa. Nikaweka tena. Ikakataa.

Mimi ni fundi ujenzi. Tangu hii Dodoma ianze kuwa jiji nimeshika saruji mpaka vidole vimelainika kama kijiko cha chai. Enzi zile za kusajili laini kwa alama za vidole, yule binti wa kwenye mwavuli alinifuta mikono mara sita, mwishowe akaniuliza kwa upole kama nina ndugu wa karibu. Mke wangu akaleta mafuta ya alizeti, ya Singida kabisa, nikapaka dole gumba nikapangusa. Ikakataa. Shemeji akasema jaribu cha kushoto. Sasa skrini nzima inateleza kama sambusa, na simu imechoka na sisi, ikaandika: weka namba ya siri.

Kwenye hiyo namba nikasita. Siyo kwamba siijui. Naiweka kila siku, lakini naiweka nikiwa peke yangu.

"Si mwaka wetu wa ndoa?" mama watoto akasema, amesimama nyuma ya bega langu, anatabasamu. "Weka, 2004."

Miaka yote anaamini ni 2004. Nilimwambia mwenyewe, siku fulani nilipokuwa na shida. Nikawa natafuta namna ya kukohoa ili ageuke, ndipo spika ikasema, kwa sauti safi ya mtoto wa chuo kikuu:

"Baba, si ile 1993 ya Simba na Stella?"

Kimya.

Kwa wasiojua: 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Tukaenda Abidjan tukatoka suluhu. Nchi nzima tukajua kombe limeingia, tukarudi Dar, tukafungwa mbili nyumbani kwetu, na Stella. Nilikuwa kijana mdogo, nimekumbatia redio ya baba. Namba kama hiyo huisahau. Inakusahaulisha nyingine zote.

"Stella ndiye nani?" mama watoto akauliza.

Ilichukua dakika kumi na tano. Mpangaji wa uani aliapa kwa dini yake kwamba Stella ni timu ya mpira. Shemeji, ambaye ni Yanga, alijua kabisa Stella ni timu ya mpira, ila akanyamaza, anakula karanga. Mwishowe binti akatuma picha ya matokeo kwenye simu ya mama yake, ambayo, kama nilivyosema, waifai inayo. Mama watoto akasoma, akaingia jikoni. Alivyoliweka sufuria la mlenda jikoni nilijua mlenda ule utapikwa kwa hasira.

Nikaweka 1993, mbele ya kadamnasi. Simu ikakubali.

Kikatokea kile kisanduku, madoadoa meusi na meupe kama manyoya ya kanga wa porini. Binti akasema shemeji afungue kamera tu akielekeze pale, ataunganishwa bila kuandika chochote wala kujua pasiwedi ni ipi. Moyo wangu ukatulia. Teknolojia ina watu wenye busara, nikasema moyoni, kumbe unaweza kumkaribisha mgeni bila kumwambia kila kitu.

Shemeji akafungua kamera. Kioo cha kamera yake kimepasuka. Kwenye skrini yake kisanduku changu kilionekana kama ramani ya mto Rufiji. Akasogea, akarudi nyuma, akapangusa kwa shati. Wapi.

"Mjomba, basi asome pale chini ya kisanduku," binti akasema. "Kwenye simu ya baba huwa inaandikwa."

Nikatazama chini ya kisanduku. Ilikuwa imeandikwa, bila kidoti hata kimoja.

Hapo nikakumbuka yote. Nikamkumbuka fundi na maneno yake. Nikakumbuka mwaka jana, shemeji huyuhuyu alipokuja kuionja treni kwa wikiendi moja akakaa wiki tatu, akapakua tamthilia za Kikorea mpaka mtandao ukawa unatambaa. Nikakumbuka hasira niliyokuwa nayo siku aliyoondoka, nikapewa simu nichague kitu ambacho sitakisahau.

"Lete nione, shem," akasema, ananyoosha shingo.

Nikaibandika simu kifuani. "Wewe andika, mimi nakusomea. Macho yako yamechoka na safari."

"Haya."

"S kubwa. S ya Singida. Halafu ndogo zote. I ya Iringa."

"Iringa."

"K ya Kondoa. U ya Urambo."

"Endelea."

"Y..." Hapa nikakwama, maana herufi hiyo ina mfano mmoja tu nchi hii. "Y ya ile timu yenu."

Akacheka. "Yanga. Sema tu, shem, haiungui."

"A ya Arusha. T ya Tabora. A ya Arusha tena. T ya Tabora tena. U ya Urambo."

Jikoni mwiko ulikuwa unapiga sufuria, ko ko ko. Ukaacha.

Nikashusha sauti. "J ya Jamatini."

"J."

"E ya Ethiopia."

Shemeji alikuwa anaandika polepole, kidole kimoja. Kikasimama hewani. Akaitazama simu yake, akarudi mwanzo, nikaona midomo inatembea.

"M," nikasema, "ya Manyoni."

"B ya Bahi," shemeji akasema mwenyewe, taratibu, hajaniangalia. "E ya Ethiopia."

Akabonyeza. Ikaunganika palepale.