Sarufi ya zamani kwa mtoto wa leo: kiliandikiwa nani kitabu hiki?

Kwenye mkeka wa ukumbini kwangu, hapa Langoni, Amu (Lamu), Kenya, kuna chapa za vitabu vitatu vya kale. Kimoja ni Primary Language Lessons cha Emma Serl, kilichotolewa Marekani mwaka 1911 kwa watoto wadogo wa shule. Cha pili ni Higher Lessons in English cha Reed na Kellogg, cha 1877, ambacho humfundisha mwanafunzi kuichora sentensi kwa mistari. Cha tatu ni sarufi ya Kiswahili ya Bi. E. O. Ashton, ya 1944. Nimevitumia, kwa viwango tofauti, na watoto wangu wawili, wa miaka sita na minane. Kila wiki kuna mama ananiuliza kama naye avitumie.

Swali hili lilianza kuvuma mtaani shule zilipofungwa Machi 2020. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021, na wazazi tukawa walimu kabla ya kujiandaa. Wapo waliopenda kazi ile wakaendelea nayo, wengine kwa siku nzima, wengine jioni tu baada ya shule. (Anayetaka kumtoa mtoto shule kabisa aanzie ofisi ya elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na jambo hilo si la kubahatisha.)

Wanaovipenda vitabu vya kale wana sababu nzito. Ya kwanza ni fedha: hivyo viwili vya Marekani vimekwisha muda wa hakimiliki, vipo bure kwenye intaneti, na mtu hushusha kwa bando akachapisha kurasa anazozihitaji tu. Ya pili ni nzito zaidi. Somo moja la Serl halizidi ukurasa au mbili, na lina jambo moja. Leo shairi fupi la kushika kwa ghibu, kesho picha ya kuitazama na kuizungumzia, keshokutwa hadithi ya kusimulia kwa mdomo, kisha imla, kisha barua kwa rafiki. Mtoto husema kabla hajaandika. Sheria ya lugha huja kidogo kidogo, ikiwa imeshasikika mara nyingi masikioni. Vitabu vya sasa vya mtaala wa umilisi vina picha za rangi na vinamzungumzia mtoto wa Kenya, nami nawashukuru waliovitunga. Lakini sarufi imo humo vipande vipande chini ya mada, na shughuli nyingi zinataka kikundi. Nyumbani kikundi ni mtoto mmoja na mdogo wake.

Hadi hapo ningesema chukueni vya kale. Kilichonizuia ni kosa moja la binti yangu.

Alikuwa akinisimulia kwa Kiingereza habari ya shangazi yake, na kila akimtaja anasema "he". Kiswahili hakimtengi mwanamke na mwanamume hapo. "Yeye" ni yeye, na "a-" ya "anakuja" haina jinsia. Nikafungua Serl nitafute somo la kumsaidia. Hamna, wala haingeweza kuwamo, kwa kuwa mtoto wa Marekani hakosei hapo. Nilichokuta ni mazoezi ya "saw" na "seen", "is" na "are", "was" na "were", kwa sababu huko ndiko ulimi wa mtoto wa kule ulikokuwa ukiteleza. Kitabu kile kinarekebisha lugha ambayo mtoto tayari anaisema nyumbani. Wanangu wanasema lugha nyingine nyumbani. Kiingereza wanajifunza, na anayejifunza anahitaji kupewa yale ambayo mzawa huyapata kwa mama yake bila kufundishwa: lini "a", lini "the", lini "he", lini "she". Hapo kitabu cha shule cha leo, kilichoandikwa kwa kujua kwamba Kiingereza si lugha ya kwanza ya msomaji, kinamshinda Serl.

Sasa geuza upande. Sarufi ya Ashton ni kazi ya kuheshimiwa. Anazichambua ngeli kwa mawazo yaliyomo ndani yake: KI- inavyobeba udogo na mfano wa kitu, M-MI inavyokusanya miti. Nimejifunza mengi kwake kuhusu lugha yangu mwenyewe. Lakini aliyekusudiwa ni mgeni anayejua Kiingereza, mtu mzima anayehitaji kuambiwa kwamba "kitabu" huwa "vitabu". Mtoto wa Amu wa miaka mitano hajawahi kusema "kitabu hizi" akahitaji jedwali la kumtoa huko. Edward Steere naye, mmisionari Mwingereza aliyetoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alieleza waziwazi kwenye jina la kitabu hicho kwamba ni Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Tangu hapo kitabu cha sarufi kinasema "macho", "njia", "njoo", na nyumbani kwetu tunasema "mato", "ndia", "ndoo". Binti yangu aliniuliza, kalamu mkononi: "Mama, mato ni makosa?" Sikuwa na jibu fupi. Nilimwambia si makosa, ni letu, na lile jingine ni la kuandikia mtihani. Kisha nikakesha nikiwaza kwamba kitabu cha kale, kwa sababu tu ni cha kale, kilikuwa karibu kumfundisha mtoto kuionea haya lugha ya bibi yake. Kitabu kipya kina hatari hiyohiyo, ila hakina heshima ya ukongwe ya kuifanya hatari hiyo ionekane hekima.

Kuhusu michoro ya Reed na Kellogg sitakawia. Mstari mlalo, kiima kushoto, kiarifu kulia, kistari kimekata katikati: kwa Kiingereza inapendeza na mwanangu mkubwa aliifurahia kama mchezo. Jaribu kuchora "nilikupikia". Mtenda, wakati, mtendewa na kitendo vyote vimo katika neno moja, na mstari hauna pa kukata. Kwa Kiswahili tunaandika neno kwenye karatasi, tunalikata kwa mkasi, ni-li-ku-pik-i-a, na kila kipande kinaulizwa kazi yake.

Wanaopinga vitabu vya kale husema vimepitwa na wakati. Theluji na ndege wa Marekani si vya kisiwa hiki, ni kweli, na sentensi za zama za ukoloni zenye bwana na mtumishi wake mimi huziruka bila kusita. Lakini ukongwe peke yake haunitishi. Katika mji huu chuo ni kitabu na chuo ni mahali pa kusomea Kurani, neno moja, na wanafunzi wa Kiarabu wameanzia siku zote na Ajurrumiyya, kijitabu cha sarufi ya Kiarabu cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki 1323. Kina takriban miaka mia saba na bado kinafundisha. Tazama kinavyofundishwa, lakini. Hakuna mwalimu anayempa mtoto Ajurrumiyya akaenda zake. Mtoto anasoma sentensi ya kwanza, kwamba maneno ni lafudhi iliyoungwa yenye kuleta maana, na mwalimu anaisherehesha, anatoa mfano, anauliza, anarudia. Ukiondoa mdomo wa mwalimu, matini ile ni kufuli bila ufunguo. Wenzangu wengi wanaochapisha Serl wanatumaini kwamba kitabu kitafundisha huku mama akipika. Hakifundishi. Na mama ambaye Kiingereza chake mwenyewe kina mashaka atapata msaada zaidi kwenye kitabu cha shule chenye mwongozo wa mwalimu, wala hakuna aibu katika hilo.

Hukumu yangu, basi, imegawanyika. Kwa Kiingereza natumia kitabu cha leo kwa sheria, nikachukua kwa Serl utaratibu wake peke yake. Kwa Kiswahili situmii sarufi yoyote ya kigeni na mtoto aliye chini ya miaka tisa. Utaratibu wa Serl nimeujaza vya kwetu: picha ni ya jahazi likishushwa matanga mbele ya forodha, hadithi ni ya bibi, na shairi ni utendi. Imla tumeianza kwa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi." Mama anamwita mwanawe akae mbele yake aandike. Binti yangu alipofika kwenye "ndoo" alisimamisha kalamu, akanitazama, akaliandika hivyohivyo lilivyo.

Steere nimemweka kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mchwa na hewa ya chumvi. Mkubwa akitimiza miaka kumi nitamtolea, akae nacho karibu na bibi yake, amsomee maneno ya Unguja ya 1870 moja moja, na kila neno ambalo bibi analitamka vingine aliwekee alama ya penseli pembeni.