Akipendeza Wangu, Akichafua Wako

Ndoa yenye mbwa na paka ina kanuni moja ambayo hakuna shehe wala mchungaji aliyeisoma siku ya harusi: mnyama akipendeza ni wangu, akichafua ni wako. Hapa Dar kanuni hiyo hubadilika makali kufuatana na majira.

Januari kaskazi inavuma, umeme umekatika, mnagombea kukaa dirishani, na mbwa kajinyoosha kwenye vigae, mahali pekee penye ubaridi nyumba nzima. Mwacheni. Yeye hatoki jasho mwili mzima kama nyie, anategemea kuhema ulimi nje. Mbwa wa kilo 20 anataka kama lita moja ya maji kwa siku, na kwa joto hili hata zaidi. Weka kwenye sufuria nzito, bakuli la plastiki ataligeuza kisha alitafune. Kumtembeza ni kabla ya saa moja asubuhi, maana mchana lami inaunguza nyayo. Basi ikifika saa kumi na moja alfajiri akaanza kukwaruza mlango, utashangaa: kitanda kizima hakuna anayesikia!

Masika ndiyo balaa lenyewe. Kupe. Ukimwona mmoja sikioni, angalia na ukuta, kwa sababu jike akishashiba damu hudondoka, hutambaa, na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, hata nyuma ya fremu ya picha yenu ya harusi. Kumwogesha mbwa dawa na kuliacha banda hivihivi ni kazi bure. Wiki chache tu, wajukuu wa kupe wako juu yake. Anayeonekana mtoe kwa kibano: shika karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kupinda, mtumbukize kwenye spiriti. Mambo ya mafuta ya taa na kiberiti acheni, na msimpasue kwa kucha. Fizi zikipauka au mkojo ukawa wa kahawia, msibishane nani wa kulipa. Mpelekeni kwanza kwa daktari wa mifugo.

Halafu kuna yule bingwa wa kubana matumizi, kila nyumba anaye, anayesema dawa iliyobaki apakwe paka. Thubutu! Baadhi ya dawa za kupe za mbwa zina permetrini. Mbwa anaivumilia, paka anatetemeka mpaka anakufa. Tena si ajabu paka mwenyewe ni wa mwenzio. Nenda kaeleze ukweni.

Juni baridi kidogo, shuka moja watu wawili, na paka anataka kulala katikati. Mlango wa chandarua haujui, anapanda kwa kucha. Asubuhi kuna tundu la kupitisha ngumi na mbu wameshapeana habari. Dawa yake ni kukata ncha za kucha, ile sehemu angavu tu; ya waridi ina mshipa wa damu, ukiigusa utakatwa wewe. Na kama hakufungwa kizazi kwenye miezi mitano au sita, juu ya bati kutakuwa na taarabu usiku kucha, na baada ya siku 63 hivi mtakuta vitoto kabatini, juu ya ile doti ya kanga isiyovaliwa kila siku.

Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, kumbukumbu nzuri kwa wanaosahau. Chanjo ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka, paka naye yumo. Kadi mtaisaka mpaka chini ya godoro. Na mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo hospitali, siku hiyohiyo. Pilipili na binzari ni za mchuzi.

Desemba mnasafiri, dada anabaki na wanyama. Mwachieni maagizo kwa maandishi: makombo ya pilau hapana, kitunguu hata kilichopikwa huharibu damu ya mbwa na paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vikali. Paka hashibi ugali mtupu, apewe dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi. Dada atasoma, atatikisa kichwa, kisha atauliza na yeye dagaa wake wako wapi.