Mapigano katika riwaya za kifantasia si makapi

Riwaya nene za kifantasia, zile za mapanga, majoka na falme zinazoanguka, hazina heshima kubwa mbele ya wasomi wetu wa fasihi. Hutupwa kwenye kapu la riwaya pendwa: zinasisimua, basi. Wanaosema hivyo wana nia njema na hoja yao si nyepesi. Nchi yenye shida za maji, ardhi na ajira inahitaji waandishi wa kuzikabili shida hizo, na msomaji anayekesha na vita vya falme zisizokuwepo huonekana kama anaikimbia dunia yake.

Lakini nchi za kubuni hazijawahi kutusumbua. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ni nchi inayoelea angani, na sijasikia mwalimu akiiita ya kitoto. Imekubalika kwa sababu Karama, mhusika wake mkuu aliyeshtakiwa, anasimama kujitetea kwa maneno. Kinachoshukiwa, basi, ni mapigano. Naona chanzo chake ni jinsi tunavyofundishwa kusoma: mtihani unauliza fani na maudhui, mwanafunzi anasaka dhamira, migogoro na ujumbe. Kurasa 30 za watu waliozingirwa ngomeni hajui aziweke wapi, hivyo anaziruka.

Sasa chukua utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, uruke vitendo, uone kitakachobaki. Liyongo yuko kifungoni. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa, ndani mna tupa ya kukatia chuma; walinzi wanajitwalia chakula kizuri, ule wa wishwa wanamwachia kwa dharau. Ngoma ya gungu inapigwa, na katika kelele zile anakata minyororo. Dharau ya walinzi ndiyo iliyomfungulia mlango, na mtunzi hakuhitaji kutuhubiria.

Mwishowe mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mtawala, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anafika kisimani, anapiga goti, anatia mshale upindeni na kufa akiwa vile vile. Mji unaiogopa maiti, ukidhani yu hai bado. Hakuna anayethubutu kwenda kuchota maji mpaka mwili unapoanguka. Kisima hiki hakinitoki akilini. Mtawala ndiye aliyetaka Liyongo afe, lakini kiu ni ya mji mzima, pamoja na wenye mitungi ambao hawakuulizwa chochote. Hila ya ikulu imeishia jikoni kwa watu. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuamka usiku wa manane kukinga maji ya bomba hahitaji kuelezwa maana yake, na hakuna atakayemshawishi kwamba tukio hilo linamtoa kwenye dunia yake.

Riwaya nzuri ya kifantasia hufanya kazi hiyo hiyo kwa upana zaidi. Pigano humlazimisha mtu achague sasa hivi, bila nafasi ya kutoa hotuba, na kurasa 200 baadaye uchaguzi ule bado unamuuma.

Nyingi si nzuri, hilo nakubali. Zipo ambazo maelfu wanakufa na hakuna anayezikwa, au kabila zima ni ovu kwa kuzaliwa tu, au haki ya kutawala inakwenda kwa damu. Hapo wakosoaji wako sahihi, na kijana akizisoma bila mtu wa kubishana naye anaweza kumeza sumu. Ila dawa yake ni kuzisoma darasani na kuzihoji.

Kwa sasa kijana anazipata mwenyewe. Kwenye meza za vitabu vya mtumba pale Posta atakuta juzuu la pili la mfululizo wa Kiingereza, la kwanza halipo, na atalinunua hivyo hivyo. Kwa Kiswahili hali ni nyingine: karatasi ni ghali, soko la uhakika ni shule, kitabu kinene kinamtisha mchapishaji. Hadithi ndefu zimehamia WhatsApp, sehemu baada ya sehemu, na msomaji anatuma pesa kwa simu ili ajue nani kapona. Wasomaji hao wapo tayari na wanalipa. Waandishi wao wanachokosa ni mhariri wa kuwauliza: aliyekatwa mkono katika sehemu ya 12, mbona sehemu ya 15 anapanda farasi kana kwamba hakuna kilichotokea?