Mkondo wa bahari si mto

Nimechoka kusoma kwamba mkondo wa bahari ni "mto ndani ya bahari". Najua nia ni njema, msomaji apate picha haraka. Lakini mto una kingo, una chanzo na mwisho, na kinachousukuma ni kimoja tu: mteremko. Ukiingia baharini na picha hiyo kichwani, hutaelewa wataalamu wanahofia nini wanapozungumzia mikondo na tabianchi.

Tuanze juu, kwenye upepo. Ukivuma muda mrefu huyaburuta maji, hilo halina ubishi. Ajabu ni kwamba maji hayaendi unakoelekea upepo. Fridtjof Nansen, Mnorwei aliyeiacha meli yake Fram inaswe na barafu makusudi mwaka 1893 ili ichukuliwe na mkondo wa Aktiki, aliona barafu ikielea kuelekea kulia kwa upepo, kwa nyuzi 20 hadi 40. Mswidi Vagn Walfrid Ekman ndiye aliyelipigia hesabu jambo hilo. Dunia inajizungusha, kwa hiyo kinachosafiri juu yake hupinda: kulia katika kizio cha kaskazini, kushoto katika kizio cha kusini. Kila tabaka la maji huburuta lililo chini yake na kulipinda zaidi kidogo, hadi ukijumlisha yote unakuta maji yamesukumwa nyuzi 90 kutoka kwenye njia ya upepo. (Wengi husema maji yanayotoka kwenye sinki nayo huzunguka kwa sababu hiyo. Hapana, sinki ni dogo mno kwa mambo hayo.)

Hapo ndipo inapozaliwa mizunguko mikubwa ya bahari kuu. Upande wa magharibi wa kila bahari, mkondo hubanwa ukawa mwembamba na wa kasi. Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream) wa Atlantiki, ukipita Florida, hubeba takriban mita za ujazo milioni 30 kila sekunde. Mito yote ya dunia ukiijumlisha haifiki milioni 2. Halafu kuna mkondo wa Somalia. Upepo wa kusi unapovuma, mkondo huo hukimbia kuelekea kaskazini mashariki. Kaskazi ikishika zamu, unageuka na kurudi ulikotoka. Mabaharia wa majahazi walilijua hilo karne nyingi kabla ya Ekman kuzaliwa. Nionyesheni mto unaofanya hivyo.

Kama ningeruhusiwa mfano mmoja tu wa kueleza mikondo na uhai, ningechukua Peru. Pwani yake hupigwa na upepo wa kutoka kusini, unaokwenda sambamba na ufuko. Huko maji hupinda kushoto, kwa hiyo yale ya juu husukumwa mbali na nchi kavu, na nafasi yao huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini. Maji hayo ni mbolea tupu: mizoga na vinyesi vilivyozama miaka na miaka vikaozea gizani, vikaacha naitrati na fosfati. Yakipata jua, mimea midogo isiyoonekana kwa macho husitawi kupita kiasi, maji yanakuwa ya kijani, na anchoveta, samaki mdogo wa jamaa ya dagaa, hula akashiba. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki huyo. Mwaka 1972 ikaja El Niño: maji ya moto yalifunika pwani na yale ya mbolea yakabaki chini. Samaki walikuwa tayari wamevuliwa kupita kiasi, na uvuvi wote ukaanguka.

Nchi kavu nayo ina kisa chake. Hewa iliyopoezwa na maji yale yale haina nguvu ya kupanda ikafanya mawingu ya mvua, huishia ukungu. Ndiyo maana ufuko wa bahari hiyo iliyojaa samaki umepakana na Atacama, mojawapo ya majangwa makavu kuliko yote duniani. Mwenzake yuko Namibia, kando ya mkondo baridi wa Benguela. Tangu nilipolielewa hili sivutiwi tena na picha za bahari ya buluu angavu. Katikati ya bahari kuu, buluu hiyo maana yake ni kwamba majini hakuna chakula.

Sasa turudi kwenye hofu. Vichwa vya habari hupenda kusema Mkondo wa Ghuba utasimama. Hautasimama, maadamu upepo unavuma na dunia inazunguka. Kinachoweza kudhoofika ni kitu kingine: maji ya moto yenye chumvi nyingi yanayofika karibu na Greenland, yakapoa, yakawa mazito, yakazama kilomita mbili na zaidi, kisha yakatambaa chini kurudi kusini.

Chukua bilauri mbili za maji ya kawaida, moja uikoroge na chumvi nyingi. Tia katika kila moja kipande cha barafu chenye rangi. Kwangu, kwenye bilauri isiyo na chumvi, nyuzi za rangi zilianza kushuka mara moja hadi chini. Kwenye ile ya chumvi hakikushuka kitu. Maji yaliyoyeyuka, pamoja na ubaridi wake, yalikuwa mepesi kuliko ya chumvi, yakakaa juu kama mafuta, na barafu ikachelewa kuisha.

Greenland inapoyeyuka, maji yake yasiyo na chumvi humwagikia pale pale maji yanapotakiwa kuzama. Uzamaji ukipungua, Atlantiki ya kaskazini hupokea joto pungufu, na mikanda ya mvua ya tropiki hutarajiwa kusogea kusini. Hilo ni jambo la mkulima aliye mbali kabisa na bahari hiyo, wala halimo katika habari ya mto kukauka.

Vipimo vya kudumu vya mzunguko huo wa maji yanayozama na kurudi kusini, vilivyotegwa kukatiza Atlantiki kwenye latitudo ya nyuzi 26.5 kaskazini, vilianza mwaka 2004. Rekodi hiyo bado ni fupi: maji yanayozama leo huenda yakachukua karibu miaka 1,000 kukamilisha safari yake.